Migongo Ishirini na Miwili

Habari ya kifo cha Bizimana ilinikuta Luvungi, gari likiwa limesimama ili abiria wanunue ndizi na nyanya. Nilikuwa ninateremka kutoka Bukavu kwenda Uvira kusimamia mitihani, kazi ninayoifanya kila mwaka huku nikinung'unika kila mwaka. Simu ikalia. Mwalimu mmoja tuliyeanza naye kazi zamani akaniambia bila kuzunguka kwamba Bizimana amefariki jana hospitalini Uvira, ni figo, na matanga yako mtaa wa Kimanga kwa mpwa wake. Nikamjibu asante. Nilisema asante, kama mtu aliyeletewa chai. Mwanamke aliyekuwa akiniuzia ndizi aliingiza mkono wenye shazi dirishani, akaona uso wangu, akaliweka mapajani mwangu taratibu na kwenda zake kwa mteja mwingine. Shazi lilibaki mapajani mpaka Uvira. Nieleze mapema, ili msomaji asinionee huruma nisiyostahili: mtu huyo nilimpenda, naye alinipenda, na mimi ndiye niliyemwacha ufukweni Kalundu, mchana kweupe, karatasi yenye jina lake ikiwa mkononi mwangu.

Mwaka ule nilikuwa asistanti wa fizikia, maana yake nilisahihisha karatasi za Profesa Kashindi, nilimfutia ubao na kumtafutia miwani yake, ambayo mara nyingi ilikuwa kichwani mwake. Profesa alikuwa na ndoto moja iliyomsumbua kuliko kisukari chake. Alitaka kuwakusanya vijana watafiti wa kandokando ya ziwa, kutoka Bukavu, Bujumbura na kwetu Uvira, kwa wiki mbili za likizo ya kiangazi, awafundishe namna nyota zinavyotengeneza vitu. Kwamba chuma cha misumari yetu kilipikwa ndani ya nyota, na dhahabu ya kule milimani pia, na kalsiamu ya meno tunayotafunia ugali. Alipoomba ukumbi, ofisi moja ilimuuliza kama huo ni unajimu, na kama atawatabiria wakubwa. Mwishowe tukapewa ghala la zamani la chumvi, hapo karibu na bandari ya Kalundu. Kuta zilikuwa na chumvi bado. Ukiegemea, shati linabaki na mchoro mweupe. Nje, wanawake walianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kuanzia mlangoni mpaka majini, na harufu yao iliingia ndani ya madaftari. Mpaka leo nikifungua kitabu kuhusu viini vya atomu, pua yangu inasubiri samaki.

Tarehe nilizipanga mimi. Nilichagua wiki za mbalamwezi bila kufikiri, kwa sababu ndivyo tunavyopanga mambo sisi wa Kalundu: mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaingii ziwani, taa zao hazivuti samaki, kwa hiyo boti zipo, vijana wa kubeba wapo, kila mtu yupo nyumbani. Profesa alipogundua kwamba amewaita watu kusomea nyota katika siku ambazo mwezi unazifunika nyota, alinitazama, akavua miwani, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema si kitu, sisi hatuhitaji kuziona, tunahitaji jedwali tu.

Wakaja vijana ishirini na wawili, ukiniacha mimi katibu wao na ukimwacha Profesa. Kwa desturi yetu shughuli haiwi shughuli mpaka watu wavae sare, kwa hiyo nilitafuta kitenge, cha kijani chenye duara za njano, nikasema hizo ndizo nyota zetu. Fundi akashona mashati ya wanaume na blauzi za wanawake. Kilibaki kipande, na mimi ndiye niliyesema kwamba Mama Mapendo, mpishi wetu, naye ashonewe, asijione mtu wa jikoni. Alifurahi sana. Alilivaa vazi lile kila siku. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiukumbuka wema wangu huo na kuutukana.

Bizimana aliteremka kutoka milimani, juu kabisa, kwa miguu siku mbili, akiwa na fimbo na mfuko wa vitabu. Watu wake ni wafugaji na waumini wakali wa kanisa; wangu ni wa bondeni, wa muhogo na mpunga na misa ya Jumapili. Siku ya kwanza tulipewa ugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala. Alikula ugali na sombe, ndagala akazisogeza pembeni ya sahani moja moja, kwa heshima, kama mtu anayehamisha vifaranga. Mama Mapendo alisimama juu yake na mwiko mkononi.

"Weye unasoma nyota zote za mbinguni, ndagala njo inakushinda?"

"Mama, iko na macho," akasema Bizimana. "Iko inaniangalia."

"Na ng'ombe yenu haina macho?"

"Ng'ombe ninajua jina yake. Huyu minye simujui."

Jikoni walicheka wiki nzima. Siku ya tano nilimwona anachukua ndagala mmoja, anafumba macho na kumtafuna mpaka mwisho, kisha anafungua macho na kunitafuta mimi upande wa pili wa meza. Hapo nilijua. Wala sikujifanya sijui, maana sikuwahi kuwa mtu wa kujizungusha.

Kazi yetu kubwa ilikuwa moja. Profesa alituchorea njia ambayo kiini cha chuma hupita ndani ya nyota iliyozeeka: kinameza nyutroni, kinakuwa kizito, kinameza nyingine, kikizidiwa kinajigeuza, nyutroni moja inakuwa protoni, na hapo kimezaliwa kitu kipya chenye jina jipya. Taratibu hivyo, kwa maelfu ya miaka, kutoka chuma mpaka strontiamu na kuendelea. Tulibandika karatasi kubwa ukutani na kuviandika viini vyote, arobaini na viwili, kimoja chini ya kingine. Kompyuta ilikuwa moja na jenereta lilikuwa na hasira zake, kwa hiyo hesabu nyingine tulifanya kwa mkono, wawili wawili, kila mmoja akikagua daftari la mwenzake. Profesa aliniweka na Bizimana. Nilikagua daftari lake kwa kalamu nyekundu kwa siku nne, na sikupata cha kusahihisha ila mwandiko.

Siku ya sita kompyuta ikatuletea jibu la ajabu: hakuna strontiamu. Hata kidogo. Nyota yetu ilifika kwenye kriptoni ikagoma. Watu wakapekua maandishi ya Profesa, wakahesabu mistari ya karatasi za ukutani, wakahesabu mistari ya kwenye kompyuta. Arobaini na miwili huku, arobaini na miwili kule. Mimi mwenyewe nilihesabu mara tatu kwa ncha ya kalamu. Bizimana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakusogea hata karibu.

"Kuna moja hayiko," akasema.

"Tumehesabu," nikamwambia. "Iko sawa."

"Minye sijahesabu, Feza. Niko naangalia tu. Themanini na ine iko mara mbili. Mutoto wake, kripton themanini na tano, njo hayiko. Sasa njia itapita wapi?"

Ilikuwa kweli. Mwenye kuandika alirudia mstari mmoja na kuruka mwingine, idadi ikabaki vilevile, na sisi wote tukaridhika na idadi. Tuliupachika mstari mahali pake, ukutani na kwenye kompyuta, na strontiamu ikamiminika. Profesa akamwuliza amejuaje, na Bizimana akaona haya kidogo kabla ya kueleza kwamba kwao ng'ombe hawahesabiwi. Baba yake hakuwa na haja ya namba. Jioni anasimama penye mlango wa zizi, kundi linapita, na mara anasema fulani hayupo, tena anamtaja mama yake na rangi yake. Kuhesabu ni mkosi, na zaidi ya mkosi ni ujinga. "Ukihesabu," akasema, "mwizi ataingiza ya kwake, atatoa ya kwako, hesabu itakuwa sawa, na ng'ombe yako imeenda." Kila mtu alicheka, na mimi nilicheka. Nililiandika hata kwenye daftari langu, kwa sababu lilinipendeza.

Saa kumi tulipewa chai ya maziwa kwenye ukumbi wa nje, miguu yetu ikiwa karibu kabisa na ndagala za watu. Hapo ndipo aliponiambia, akitazama ziwa na si mimi, kwamba masomo yakiisha atawatuma wazee kwa mjomba wangu. Nikamwuliza kama wazee hao wanaijua njia ya huku chini. Akasema wataiuliza. Ndani, kwa dirisha la jikoni, nilimsikia Mama Mapendo akimwambia muuza mboga ya lengalenga, "Hawa bantu babili, minye niko nabaonea huruma. Sasa kama hii, nani atabaacha baoane?" Muuza lengalenga akasema labda Mungu. Mama Mapendo akasema labda, na kukoroga sufuria. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilidhani huruma yake ni wivu.

Wiki ya pili habari za milimani zikawa mbaya. Sitazieleza, waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo hawatazijua kwa mimi kuzieleza. Nitasema tu nilichokiona: mjini watu walianza kutazamana nyuso, kutafuta nani ni wa milimani. Bizimana na wenzake wawili wa kwao waliacha kwenda sokoni. Wakitoka nje walitembea katikati yetu, na sisi tukajifanya ni mwendo wetu wa kawaida. Siku ya kumi Profesa akaniita kando. Barabara ya mpakani ilikuwa imefungwa, akasema, kwa hiyo shule nzima itahamia Bujumbura kwa boti, kesho asubuhi, na sababu ni hawa watatu, ingawa mbele ya watu tutasema ni umeme. "Feza, orodha iko kwako," akaniambia. "Nataka wote." Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa ni nani ninayemvusha. Sina hata kisingizio cha kutojua.

Asubuhi ilikuwa ya haraka na kelele. Tulipakia jenereta, kompyuta, masanduku ya vitabu. Tukiwa tayari bandarini nilikumbuka karatasi za ukutani, zile kubwa, na nikasema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Jamani, karatasi zetu zimebaki." Nilisema hivyo kama mtu anavyosema joto limezidi. Kisha nikashughulika na mizigo. Mfuko wa Bizimana ulikuwa ndani ya boti, na fimbo yake imeegemezwa juu yake. Niliuona, na roho yangu ikatulia. Mwenye boti alikuwa anapiga kelele kwamba hatangoja, kwamba kuna watu wanakuja upande wa soko na yeye hataki maneno. Nikaingia wa mwisho, orodha mkononi, nikasimama nyuma karibu na injini. Wote walikuwa wamekaa kwenye mbao wakitazama mbele, kijani na njano, kijani na njano. Nikahesabu migongo, nikimwacha Profesa. Ishirini na miwili. Nikahesabu tena, kwa sababu mimi ni mtu makini. Ishirini na miwili. Nikageuka kwa mwenye kamba aliyekuwa ufukweni, nikainua mkono juu, maana yake tumetimia, fungua. Akafungua.

Tulikuwa tumeenda mbali kiasi cha milima kuonekana yote mpaka juu, Mama Mapendo alipogeuka kuniuliza kama nimekula. Ilikuwa boti ambayo hakupaswa kuwamo. Profesa alimwambia dakika ya mwisho aje atupikie ng'ambo, akasahau kunieleza, naye akaingia na sufuria zake na kukaa katikati ya watu na kitenge chake. Nilikitazama kitenge hicho, nikajua mgongo wa ishirini na mbili ni wa nani. Kisha nikaanza kupita mbele kwa kukanyaga watu, nikiwageuza mabega mmoja mmoja, nikiwatazama, mpaka nikafika mwisho wa boti ambapo palikuwa na maji tu.

Nilimwambia mwenye boti arudi. Alikataa. Nilimshika nguo, nikamwambia nitaruka. Profesa aliniketisha chini kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akaniambia sikioni, "Ishirini na moja wako hapa, Feza. Wawili wao ni wa kule kwao. Nikirudi nitawapoteza watatu." Alikuwa sahihi. Alikufa miaka kadhaa baadaye akiwa bado sahihi, na sikuwahi kumsamehe, wala kujisamehe mimi kwa kukaa chini.

Ng'ambo tulimaliza siku nne zilizobaki. Hata cheti nilipata. Karibu na Noeli, mchungaji mmoja aliyetoka milimani alileta habari kwamba Bizimana yu hai. Wapagazi wa Kalundu walimficha siku mbili, kisha akapanda kwao kwa miguu. Nililia mbele ya mchungaji mpaka akafungua Biblia. Wakati huo nilikuwa nimepata nafasi ya kuendelea na masomo, na nilikuwa nimeamua kuikataa endapo Bizimana angeshuka. Nikamtuma mfanyabiashara wa ng'ombe apeleke salamu zangu. Salamu tu, kwa sababu kitu kama kile, habari ya kosa langu, hukipi mtu wa ng'ombe akibebe. Nilitaka kukieleza mwenyewe, ana kwa ana. Jibu likaja baada ya wiki tatu: "Amesema salamu zimefika." Hakuna zaidi. Nikaelewa kwamba amenikasirikia kwa uzembe wangu, na kwamba ana haki. Nikaenda masomoni. Nilipata udaktari kwa kazi inayohusu njia ileile ya ukutani, na katika kurasa za shukrani niliandika jina lake. Sijui kama kuna mtu anazisoma kurasa hizo.

Kimanga nilifika mchana. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na mti wa parachichi, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka. Nilijitambulisha kwa mpwa wake kuwa nilisoma na marehemu, na hapohapo akaniingiza ndani, kwenye chumba kidogo chenye kitanda kilichosimamishwa ukutani ili watu wapate nafasi. Mjane alikuwa amekaa chini. Walimwita Mama Debora. Alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wangu, mwenye macho yasiyo na haraka. Aliambiwa jina langu, akanisogezea mkeka kwa mkono wake, na akaagiza chai ya maziwa. Aliongea kuhusu ugonjwa, namna walivyomteremsha kwa machela, namna ambavyo hakulalamika. Alifundisha shule ya msingi huko juu miaka yote hiyo. Karatasi kubwa zilikuwa ukutani kwa darasa lake mpaka mvua ya paa ilipozimaliza, na watoto wa milimani waliimba kriptoni na strontiamu wakichunga, kama majina ya ndama. Nilicheka, naye akacheka. Nilidhani tumemaliza.

"Dada Feza," akasema, "niko na neno moja, na si ya hasira. Ile siku, alirudia makaratasi ku ghala, juu ya vile ulikuwa umeyasikitikia. Alikuja mbio, akafika pale bandarini, kwa magunia, boti ikiwa bado na kamba. Akainua makaratasi juu. Alisema weye ulikuwa umesimama nyuma, ukaangalia bantu bote mu boti, mara mbili. Kisha ukageuka ukamuangalia yeye, ukainua mukono kumuaga."

Akanisogezea kikombe changu, akaendelea.

"Alisema, muntu akiangalia kundi yake mara mbili, atakosa kujua nani hayiko? Alisema umeona vile mambo iko, na umechagua. Hakukulaumu hata siku moja. Alisema labda na yeye angefanya vile. Lakini hakushuka tena Uvira mpaka tulipomubeba." Akakiweka kikombe chini. "Sasa ameenda. Minye nataka tu kujua. Ulimubona?"

"Sikumwona, Mama Debora," nikasema. "Nilikuwa ninamtazama mwenye kamba. Na pale kwanza, kabla sijageuka, sikuwa ninaangalia watu. Nilikuwa ninahesabu."

 Nje walikuwa wameanza wimbo wa kanisani kwao, wanaume kwanza. Kisha Mama Debora akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kuelewa vizuri kwa sababu atakwenda kumweleza mwingine.

"Na hesabu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa," nikamjibu.